Paja la Ukurasa wa Themanini na Nne

Wanaume wa ukoo wetu walikutana mara tatu kuhusu paja moja, na mara zote tatu hakuna aliyeweza kulitaja.

Paja lenyewe lilikuwa katika riwaya yangu, ukurasa wa themanini na nne. Ni la mjane niliyempa jina la Sausan, mwenye miaka hamsini na miwili, anayeishi katika mji wa vilima ambao sikuutaja. Asubuhi moja ya Machi Sausan anafunga mlango wa jikoni, anapika sukari kwa maji na ndimu mpaka inageuka rangi ya asali, anaiacha ipoe, kisha anaanza kujinyonyoa malaika ya miguu, kuanzia kifundoni kupanda juu. Hakuna arusi. Hakuna mume, alishamzika. Hakuna atakayeiona miguu hiyo. Anafika pajani, upande wa nyuma, anagusa kovu la zamani, la chai ya moto iliyommwagikia alipokuwa msichana, lenye umbo la jani la mzeituni. Akimaliza anajipaka mafuta, anavaa gauni zito la sufu linalofunika kila kitu, anateremka sokoni na kusimama mbele ya mwuza lozi mbichi. Anaitazama mikono ya yule bwana inavyochota lozi na kuzimimina kwenye mizani. Ananunua nusu kilo. Anarudi nyumbani, anajilaza mchana kweupe, dirisha wazi, na anakumbuka kwamba ana mwili.

Ni hayo tu. Kurasa nane, na hakuna mwanamume aliyemgusa. Nadhani hilo ndilo lililowaudhi zaidi. Angekuwepo mwanamume, wangekuwa na mtu wa kumtafuta.

Kwetu, mjini As-Salt, jambo kubwa haliishi kwa simu. Huisha kwa jaha: wazee wanapanga siku, wanakwenda wote pamoja nyumbani kwa mtu, wanamiminiwa kahawa, na mkubwa wao anaiweka finjani chini bila kuionja. Hainywi mpaka apewe haja yake. Hivyo ndivyo tunavyoposa, ndivyo tunavyosuluhisha damu, na mwaka juzi ndivyo tulivyomwomba jirani aondoe tangi lake la maji juu ya chumba cha bibi. Sharti ni moja: mkubwa wa jaha lazima aitaje haja, kwa sauti, mbele ya wote.

Hapo wanaume wetu wakakwama. Mjomba Sahl, ambaye amewahi kupatanisha koo mbili baada ya mtu kugongwa na lori, aliwaambia wenzake, "Nimesimama mbele ya maiti, sikutetemeka. Lakini hili sisimami. Niseme nini? Tumekuja kwa sababu ya paja? Na wakiniuliza, la nani?"

Maana wao hawakujua ni la nani. Waliojua ni wanawake, wote, tangu siku ya kwanza. Katika ukoo wetu kovu la namna ile liko moja tu, na tumeliona tukiogeshwa pamoja utotoni na tukivalishana siku za arusi. Ni la mama mdogo Budur.

Budur ni mdogo wa mama yangu, mjane kwa mwaka wa sita. Mama alikuwa muuguzi wa zamu, kwa hiyo mimi nililelewa jikoni kwa Budur. Ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa kunisomesha maandishi ya kwenye makopo ya samli. Na kisa cha sukari na lozi ni chake. Alinisimulia miaka miwili iliyopita, tumekaa sakafuni kwake miguu imenyooshwa, mimi nikipiga kelele kila alipovuta, yeye akiniambia nyamaza, majirani watadhani unajifungua. Nilikichukua kisa hicho. Sikumwuliza. Nilibadilisha jina, nikampunguzia miaka miwili kwa adabu, na kovu nikaliacha kwa sababu sentensi yake ilikuwa nzuri.

Tangu kitabu kitoke zilipita wiki tatu bila yeye kupokea simu yangu. Mara mbili nilikwenda kubisha mlangoni kwake. Redio niliisikia, mlango haukufunguliwa. Wakati huohuo mchapishaji wangu wa Amman alitaka kutoa toleo la pili, na kama nilikuwa na la kubadilisha, limfikie Jumatatu. Jaha ikatangazwa kuja Jumamosi. Jaha ya wanawake, kitu ambacho hata bibi hakuwahi kukiona. Aliyekosewa, ambaye jaha ingemdaia haki yake, alikuwa Budur, na mimi nilikuwa na siku mbili za kujua nitabaki na nini, kurasa zangu nane au mama mdogo.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Nyumba yetu iko juu ya ngazi mia moja na kumi na mbili, na kila ngazi ililaumiwa peke yake.

"Mwandishi yeye, yanayoadhibiwa magoti yangu!" Huyo alikuwa Mama Sufyan, jirani yetu wa nyumba ya chini, mwanamke ambaye hajawahi kukosa msiba wala arusi.

Waliingia saba. Mbele alikuwa shangazi Fikriyya, dada wa baba yangu, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya wasichana, baibui jeusi limepigwa pasi mpaka linakata. Nyuma yake Hiyam, mke wa mjomba Sahl, mchamungu, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Kisha Mama Sufyan, kisha binamu watatu waliokuja kuona. Katikati yao Budur. Hakunitazama. Alikaa kwenye kochi kubwa la katikati kama bibi arusi aliyelazimishwa.

Mama alileta dele na kumimina kahawa chungu ya iliki, kidogo kidogo, kuanzia kulia. Shangazi Fikriyya alipokea finjani yake na kuiweka mezani. Kleki. Wengine wakaweka. Kleki, kleki, kleki. Mama Sufyan aliinusa kwanza kwa huzuni, ndipo akaiweka.

"Mama Ghaith," shangazi alimwambia mama yangu kwa jina la kaka yangu mkubwa, kwa sauti ya gwaride la asubuhi, "tumekuja nyumbani kwenu tuna haja. Kahawa yenu hatuinywi mpaka tuipate."

Mama, masikini, alishafungua mdomo kujibu kama inavyojibiwa: kunyweni, mlichokijia mmekipata. Nikamshika mkono.

"Ngoja, mama. Haja haijasemwa."

"Wijdan, kaa chini," mama alisema.

"Nimekaa. Shangazi, karibu. Sema."

Shangazi alirekebisha mtandio wake. "Kuna kitabu."

"Kipo."

"Ndani ya kitabu kuna mahali."

"Mahali gani?"

"Mahali pa mwili."

"Mwili una mahali pengi, shangazi. Kiwiko? Goti?"

"Juu ya goti," alisema, kama mtu anayemwelekeza dereva.

"Hata kichwa kiko juu ya goti."

Mama Sufyan alicheka, akajitia kukohoa. Binamu mmoja akatazama dari.

"Usinichezee, msichana. Unajua vizuri."

"Mimi najua, nimeandika. Wewe ndiye mkubwa wa jaha. Na wewe ndiye uliyenifundisha darasa la sita kwamba kitu kisichotajwa kwa jina lake hakijasemwa. Ulinipiga rula kwa sababu niliandika 'kile kitu' badala ya 'mlango'."

Sisemi hayo kwa kumdhihaki. Nina diploma ya ukutubi, sina zaidi ya hapo, lakini lugha yangu naijua, na najivunia kwamba sehemu kubwa nimeipata kwa Fikriyya. Lugha hii ina jina la kila hatua ya kiu, tangu koo linapoanza kukauka mpaka mtu anapokufa. Ina jina la kila hatua ya mapenzi. Kisha tukifika kiunoni kwa mwanamke, taifa zima linaonyesha kwa kidevu.

Shangazi alivuta pumzi. Niliona mdomo wake ukijaribu. Shingo ilimpanda wekundu, mwanamke aliyewafundisha wasichana elfu.

"Paja," alisema.

Hakuna kilichoanguka.

"Hiyo ndiyo haja," akaendelea haraka. "Uondoe kurasa zile, zote nane, na umwombe Budur radhi mbele yetu. Na ieleweke kwamba sisi hapa hakuna aliyekisoma kitabu hicho."

"Mimi hata kukishika sijakishika," alidakia Hiyam. "Ila pale ukurasa wa themanini na sita, anapojipaka mafuta ya zeituni mwili mzima, hapo umetia chumvi, mwanangu. Nani anafanya hivyo siku hizi? Atanuka saladi."

"Ya zeituni ni ya nywele," Mama Sufyan akamsahihisha. "Ukurasa wa themanini na tano. Mwilini ni ya lozi."

"Si ya lozi, lozi anakwenda kununua baadaye."

"Lozi za kula, Hiyam! Mafuta ni mengine!"

"Na nyinyi hamjasoma," nikasema.

"Tumesimuliwa," alisema Mama Sufyan kwa heshima zake zote. "Binti yangu ananisomea. Mimi hufumba macho."

Shangazi Fikriyya aligonga meza kwa kidole. Finjani saba zikatikisika. "Tumekuja kwa jambo la heshima. Mwili wa ndugu yenu umetandazwa hadharani."

Hapo nilikasirika kweli. "Shangazi, wiki tatu zimepita na hakuna mwanamume hata mmoja katika mji huu aliyejua lile paja ni la nani. Mjomba Sahl hajui. Mwenye duka la vitabu hajui. Leo, Jumamosi, saa kumi, soko limejaa, mmemweka Budur katikati mkapanda naye ngazi mia moja na kumi na mbili, wanawake saba kwa maandamano, kuja kwa mwandishi. Mwuza mboga pale chini sasa anajua. Kinyozi anajua. Nani amemtandaza?"

Hawakuwa wamelifikiria hilo. Nililiona likiingia, uso kwa uso, likizunguka kochi moja baada ya jingine. Hiyam alivaa miwani yake kisha akaivua.

"Mungu wangu," alisema Mama Sufyan. "Na mimi nilimwaga salamu njia nzima."

"Bado anastahili kuombwa radhi," alisema shangazi, lakini gwaride lilikuwa limetoka sautini.

Nikamgeukia Budur. Mzaha wote niliokuwa nao ulikuwa wa kujikinga na dakika hii, na nadhani yeye peke yake alijua hivyo.

"Mama mdogo," nikasema, "jaha hii ni yako. Sitamjibu shangazi. Nitakujibu wewe. Ukiniambia kwa mdomo wako niondoe, naondoa, zote nane, leo hii. Kitabu kitabaki na shimo katikati, na nitaishi nalo. Lakini useme wewe."

Wote wakamtazama Budur, naye akatazama meza. Ana uso mpana, nyusi nene asizozichonga, na mdomo ambao hata akinyamaza unaonekana umebeba jambo. Kisha akanyoosha mkono, akachukua finjani yake, akanywa.

"Budur!" shangazi alisimama nusu. "Umekunywa!"

"Nilikuwa na kiu."

"Hujapewa haja!"

"Nimekunywa kwa sababu haja mliyosema si yangu." Akamnyooshea mama finjani amwongeze. Hakuitikisa kama anayetosheka. Aliinyoosha wazi, na mama akammiminia ya pili. Alikunywa hiyo pia, taratibu. "Mlikuja nyumbani kwangu mkaniambia vaa, twende. Nikavaa. Hakuna aliyeniuliza ninakwenda kudai nini."

"Basi dai," nikasema.

"Ukurasa wa tisini na moja," alisema Budur. "Mwisho. Kwa nini umemliza?"

Sikuelewa.

"Yule Sausan wako. Amelala, dirisha wazi, mwili umemjaa kama mkate uliotoka tanuri, kila kitu kinakwenda vizuri. Halafu unaandika, 'akalia mpaka mto ukalowa.' Nimesoma mara nne. Kwa nini analia?"

"Nilidhani..." Sikuwa nimedhani kitu. "Nilidhani atakuwa na huzuni. Ya mume."

"Naif alikuwa ameshakufa miaka minne. Nilikuwa nimeshamlilia, yeye na meno yake ya dhahabu. Siku ile sikulia, Wijdan. Nilikusimulia, ukaniona kwa macho yako ninavyosimulia. Nililia?"

"Hapana."

"Nilifanya nini?"

"Ulicheka."

"Nilicheka. Nilikula lozi zote, nusu kilo, kitandani, kwa chumvi, maganda nikiyatemea kwenye kofia yake ya zamani. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Hicho ndicho kilichotokea. Wewe ukanitilia machozi." Alinitazama sasa, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, na nikatamani angeendelea kutazama meza. "Najua kwa nini. Uliogopa hawa." Akazungusha kidole kwa wote waliokaa. "Ulitaka watu wanisamehe. Mwanamke akijigusa, basi angalau alie kidogo baadaye, tumwonee huruma. Ndiyo maana sikufungua mlango. Kovu, chukua, ni lako, hata mimi silioni bila kioo. Lakini umechukua siku yangu nzuri ukaifanya msiba."

Hakuna mhakiki aliyeniambia hivyo. Mmoja wa Amman aliyasifu machozi yale, alisema ndiyo yaliyokipa kitabu uzito. Na nilikumbuka usiku nilioyaandika. Sura ilikuwa imekwisha, ilikuwa nzuri, na ilinitisha. Nikaongeza sentensi moja ili niweze kulala.

"Kusema kweli," alisema Hiyam ambaye hajakishika kitabu, "hata mimi pale mwisho niliona pamepwaya."

"Kwenye kofia?" aliuliza Mama Sufyan, akisogeza kiti. "Ile ya manyoya?"

"Ile ile."

"Na huyo mwuza lozi, Budur, kwa jina la Mungu, ni yule wa kona ya msikiti au yule mwenye mkokoteni?"

"Mama Sufyan!" shangazi alifoka.

"Nauliza kwa ajili ya lozi!"

Binamu walishindwa. Mmoja alicheka mpaka mtandio ukamwanguka mabegani, na Mama Sufyan, bila kutangaza, akachukua finjani yake na kuimeza kwa mkupuo. Hiyam akafuata, akisema ikipoa itamchafua tumbo. Mama akaondoka na dele kwenda kupasha nyingine, nikamsikia jikoni akicheka peke yake kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa mama yangu tangu nikiwa mtoto.

Aliyebaki na kahawa yake ni shangazi Fikriyya. Alikaa wima, mikono magotini. Jeshi lake lilikuwa limeshahamia kwenye habari za kofia. Nilimwonea huruma, maana alikuwa ametamka neno moja gumu kuliko yote ya maisha yake, na tayari lilikuwa limesahaulika.

"Wijdan," alisema, na kwa kuwa hakupaza sauti, wote wakanyamaza. "Sawa. Kurasa zibaki. Machozi ni jambo lenu. Lakini kuna jambo moja ambalo si la aibu wala la ukoo. Ulikichukua kisa chake bila kumwuliza. Kwa hilo mwombe radhi. Kwa hilo tu, na ninakunywa kahawa yenu."

Ilikuwa kweli. Fikriyya hajawahi kuwa mjinga. Niligeuka kwa Budur nikitumaini atanicheka, atapunga mkono aseme achana naye. Hakupunga. Alikuwa ameegemeza kidevu kwenye kiganja, ananisubiri. Alitaka kusikia.

"Ningekuuliza, ungekubali?" nikamwuliza.

"Ningekataa," alisema Budur bila kufikiri.

"Na kingebaki wapi?"

"Jikoni kwangu."

"Ndiyo maana sikuuliza."

"Hilo si jibu, mwanangu. Umeombwa radhi, si hesabu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na dele la moto. Aliniashiria kwa nyusi: sema tu neno, neno moja, ni kahawa. Ningeweza kulisema. Ninalo tayari, kwa ufasaha, kwa namna tano. Lakini ningelisema kama nilivyoandika yale machozi, ili watu waliokaa chumbani walale vizuri, na Budur angelijua mara moja.

"Machozi nitayafuta kesho asubuhi," nikamwambia. "Mahali pake nitaweka kicheko, na kofia, na chumvi. Hilo nilikukosea kwa woga, na nitalirekebisha. Lakini kuchukua, nilichukua nikiwa na akili zangu, na ningechukua tena. Unaweza kunifungia mlango mwaka mzima. Shangazi, kahawa yako naona imepoa, mama atakumiminia nyingine ukiitaka. Radhi siombi."